Neno "Skimu" na Karanga za Kongwa

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba neno la Kiingereza "scheme" maana yake ni mpango, na hapo somo huisha. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ina upungufu. Na upungufu wake waonekana wazi katika habari za Kongwa, nchi ya Wagogo.

Asili ya neno hilo ni Kiyunani, "skhema", yaani umbo au sura ya kitu. Lilipita katika Kilatini, likaingia Kiingereza katika karne ya 16, likatumika kwa mchoro; baadaye kwa azimio la kazi, kisha hata kwa hila ya siri. Neno letu "mpango" latokana na kupanga, yaani kuweka vitu mahali pake. Na "mradi" latoka katika Kiarabu, maana yake ni kitu kitakiwacho. Maneno matatu haya yana mizizi mitatu, wala hayalingani.

Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulikaa Afrika majuma tisa, ukitazama sehemu ya nchi kwa ndege. Serikali ya Uingereza ikakusudia kulima karanga katika eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Lakini udongo wa huko wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali. Ulivunja majembe ya matrekta, na mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na yapata pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Huko Uingereza jina la skimu ile likawa mithali ya fedha ya umma iliyotupwa.

Mfasiri aiitaye kazi hiyo "mpango" tu aipa sifa isiyostahili. Waliopanga kwa kuijua nchi ni Wagogo, wapandao uwele na mtama, wafugao ng'ombe, wakihesabu mvua kabla ya mbegu. Kilicholetwa Kongwa kilikuwa umbo la karatasini.

Wako walikataao neno "skimu" kwa ugeni wake. Mimi siafikiani nao. Limekwisha kukaa katika lugha, nasi twalisikia katika skimu za umwagiliaji. Libaki, ila lifundishwe pamoja na asili yake, ili asikiaye "skimu" aulize kwanza: mchoro huu umechorwa na nani, naye ameikanyaga ardhi yenyewe?