Kiraka Kinachojua Mwisho Wake

Katika gereji zetu, sifa humwendea fundi aliyeshusha injini nzima, akaifungua na kuirudisha ikawaka. Yule aliyeufunga mpira wa rejeta kwa vipande vya tyubu kuukuu, gari likatoka Nambis, huko Mbulu, likafika Babati, hupewa hela ya soda na kusahaulika. Kazi yake huitwa ya kubahatisha. Hukumu hiyo naiona si ya haki. Kuziba kwa muda maji yanayovuja ni ufundi uliokamilika, na ubora wake hupimwa kwa swali moja: je, aliyeziba anajua kiraka chake kitashindwa wapi? Anayetoa kifaa kibovu na kuweka kipya hutumia hesabu zilizokwisha kupigwa kiwandani. Unene, urefu na uimara vimeamuliwa na wengine. Anayeziba huamua yote mwenyewe, kando ya barabara, kwa vitu ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nyanda za Mbulu ni mahali pagumu pa kufanyia uamuzi wa namna hiyo. Sehemu kubwa iko kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, huku Ziwa Manyara, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, likiwa kwenye mita 960 hivi. Gari linalotoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupanda Mlima Magara kwa gia ndogo; injini inalemewa, joto linazidi, na kwa kuwa mwendo ni wa kutambaa, rejeta hupata upepo wa feni tu. Huko juu maji yaliyo wazi nayo huwahi kuchemka: kwenye mita 2,000 huchemka kwa nyuzi joto 93 hivi, wala hayafiki zile 100 za pwani, ilhali thamostati za magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye alama ya 0.9 huyabana maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 115, hata kwenye mwinuko huo. Lakini mbano huohuo ndio unaoyasukuma maji nje kupitia ufa. Ukilegeza kifuniko, maji yanavuja kidogo na gari linachemsha mapema. Ukikikaza, kiraka kinabeba mzigo wote. Noah inayoshuka polepole kuelekea bondeni inaweza kuvumilia kifuniko kilicholegezwa. Fuso iliyojaa saruji, inayopanda, itaunguza gasketi ya silinda hedi kabla ya kufika kileleni. Ufa ni uleule, dawa ni mbili, na anayechagua lazima aijue barabara kama anavyoijua injini.

Tazama sasa kazi yenyewe ya mikono. Kwanza fundi hungoja, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto hurusha mvuke unaobabua uso, na maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye chuma chenye joto kali huweza kukipasua. Mpira uliopasuka karibu na ncha haufungwi hata kidogo: hukatwa sehemu mbovu, ukavutwa na kukazwa upya kwa klipu, ikiwa urefu unatosha. Ukipasuka katikati, hukaushwa na kufutwa mafuta, kisha utepe wa tyubu huvutwa kwa nguvu na kuzungushwa kuanzia mbali na ufa, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, na waya kufungwa juu yake. Utepe uliovutwa hutaka kurudi katika hali yake, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoubana ufa mpira unapovimba. Rejeta ya shaba ikitoboka kwenye kijibomba kimoja, kijibomba hicho hubanwa kwa koleo kikafa. Kila kinachobanwa hupunguza eneo la kupoozea, hivyo viwili huvumilika na kumi ni kujidanganya. Hita ikivuja, mipira yake miwili huunganishwa, maji yakaikwepa. Rejeta za siku hizi, za alumini zenye vichwa vya plastiki, hazikubali kulehemiwa kwa risasi kama zile za shaba. Hutaka gundi, na gundi hutaka ukavu na muda. Kila njia ina gharama yake, na fundi huitaja gharama hiyo kabla ya kuanza.

Hapo ndipo ufundi unapotengana na ujanja. Wapo wanaovunja yai ndani ya rejeta au kumimina unga wa binzari. Huziba, maana yai huganda kwa joto na chembe za unga hufuata maji mpaka kwenye tundu. Ila yai haliwezi kutofautisha tundu la kuvuja na njia ya kupitia maji. Likiziba kimoja laweza kuziba vyote, na atakayeisafisha rejeta hiyo baadaye atalipia ushindi wa siku moja. Kung'oa thamostati na kuitupa ni ujanja wa ukoo huohuo. Kiraka kizuri huondoleka: ukikata waya na kufungua utepe, gari linabaki na ugonjwa wake wa awali, halijaongezewa mwingine.

Atakayepinga atasema kwamba kwetu cha muda huwa cha kudumu, na kwamba kusifu viraka ni kusifu umaskini. Hoja ya kwanza ina ukweli, ila inamshtaki asiyehusika: utepe haukuahidi miezi sita, aliyeuongezea miezi ni mwenye gari. Hoja ya pili inasahau kwamba gari jipya nalo hutoboka, na kwamba duka lenye mpira wake huenda liko Arusha. Nusu shari ni bora kuliko shari kamili, mradi nusu hiyo ipimwe. Kuna pingamizi zito zaidi, la usalama. Gari likichemsha katikati ya mlima na abiria ndani, kiraka kimehatarisha roho za watu ambao hawakuulizwa. Silikatai, na jibu lake limo ndani ya ufundi wenyewe: fundi anayejua mwisho wa kiraka chake hukataa kukifunga kwenye gari la abiria linalopanda. Atawaambia washuke wangoje gari jingine. Pia hatayaacha maji yenye kulanti yatiririke yanakonyweshwa ng'ombe, kwa kuwa ethilini glaikoli ni tamu na ni sumu.

Kwa hiyo tunapompima fundi, gerejini au chuoni VETA, isitoshe kutazama kama maji yameacha kudondoka. Aulizwe mambo matatu: gari litafika wapi, kwa mwendo gani, na dalili ipi itamwambia dereva asimame. Asiye na majibu amebahatisha, hata kama kiraka chake ni kikavu. Mwenye nayo amemaliza kazi yake, na iliyobaki ni ya mwenye gari: kununua mpira mpya akifika Babati, kabla ya kuchukua mzigo mwingine.