Koza Si Umbo: Tahakiki Fupi ya Herufi za Futura

Msomaji wa nyaraka zetu atakuwa amekutana mara nyingi na agizo hili: "Maneno haya yachapwe kwa herufi koza." Agizo lenyewe halina kosa, ila halitoshi. Ukoza ni unene wa mstari, wala si umbo la herufi, na aghalabu mambo haya mawili huchanganywa. Mchanganyiko huo huzidi inapohusika jamii ya herufi zisizo na vile vistari vidogo vya kumalizia ncha, zenye umbo la duara, pembetatu na mraba. Mfano mashuhuri wa jamii hiyo ni Futura, iliyosanifiwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa na kiwanda cha Bauer, mjini Frankfurt, mwaka 1927.

Kuziita "herufi za kijiometri" ni kusema nusu ya ukweli. Mtu akichukua bikari na rula akachora herufi za namna hiyo, hatapata Futura. Renner alipunguza unene wa mstari pale tumbo la herufi linapokutana na mguu wake, kwa kuwa jicho huona doa jeusi mahali ambapo bikari haioni kitu. Unene ukizidi, uwazi ulio ndani ya herufi hubanwa, na msanifu hana budi kuichora upya. Ndiyo maana toleo lake nene mno ni kazi ya mtu mwingine, Edwin W. Shaar, ya mwaka 1952. Koza, basi, si wino ulioongezwa tu.

Kwa Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee. Herufi ndogo "a" ya Futura ni duara lililoegemezwa kwenye mstari wima. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ataipenda, kwani yafanana na ile aandikayo mwanafunzi kwa mkono, na kwa maandishi membamba sina ubishi naye. Lakini katika tangazo lililokozwa, likisomwa kwa mbali, ule mstari humezwa na unene wa duara, na "a" huelekea kuwa "o". Hapo "taa" na "toa" hukaribiana, kadhalika "ana" na "ona". Hayo msomaji huweza kuyaokoa kwa muktadha. Kubaya zaidi ni katika sarufi. "Masharti waliyokubali" ni kirai kinachongoja kitenzi chake. "Masharti waliyakubali" ni sentensi kamili, na mkataba mzima waweza kuegemea hapo. Lugha inayobebesha irabu moja mzigo kama huo haiwezi kuchagua herufi kwa kupendezwa na sura yake tu.

Kwa herufi kubwa tatizo hilo hutoweka, maana "A" ni pembetatu na "O" ni duara. Bamba lililoachwa mwezini na Apollo 11 mwaka 1969 liliandikwa kwa herufi kubwa za Futura, na lasomeka bila shaka yoyote. Vichwa vya habari na majalada, naam. Masharti na maelekezo yaliyokozwa kwa herufi ndogo, la.

Wafasiri basi waliache neno "koza" litaje unene peke yake, na umbo litajwe kwa jina lake. Vile vistari vya ncha mimi ningeviita "vikono", na herufi hizi "herufi duara zisizo na vikono". Wachapaji wakileta neno lao la karakana, nitaliacha langu bila kinyongo.