Fundi Rangi Huanza na Kitambaa

Mwenye gari anayetaka kulipiga rangi mwenyewe, uani kwake, huanza kuiwazia rangi yenyewe: iwe nyeupe, nyekundu, au ileile ya fedha iliyokuja nalo kutoka Japani. Fundi huanza kwingine. Huchukua kitambaa cheupe, akakilowesha thina, akasugua mahali pasipoonekana, tuseme ukingoni mwa mlango, kisha akakitazama kitambaa chake. Kikichafuka, anajua hapo kuna rangi ya nitroselulosi, inayoyeyuka hata ikiwa kavu miaka mingi. Kikitoka safi, ameikuta rangi iliyoshikana kikemia, ya kiwandani au ya kuchanganywa na hadina. Kipimo hicho cha dakika moja ndicho kinachoamua anunue nini dukani. Ninausifu ufundi wa kupiga rangi magari kwa sababu hiyo kwanza: ni kazi ya mtu anayeuliza kabla ya kufunika.

Magari ya mwanzo yalipakwa vanishi za magari ya farasi, na kukauka kwake kulichukua wiki kadhaa. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotoa rangi ya nitroselulosi mwaka 1923, ikaiita Duco, kungoja huko kulikatika. Rangi ya namna hii hukauka kwa thina kupaa hewani tu. Hakuna kingine kinachobadilika ndani yake. Ndiyo maana hushika vumbi kidogo, kwa kuwa inakauka kabla vumbi halijatulia juu yake, na ndiyo maana bado inawafaa wanaofanya kazi chini ya mwembe au kwenye banda la mabati. Ikiingia inzi au ikichuruzika, unasubiri ikauke, unapiga msasa wa maji, unarudia. Lakini inadai tabaka nyingi nyembamba, inadai kompaundi mwishoni ili ing'ae, na petroli ikimwagika mdomoni mwa tangi, rangi inalainika.

Rangi ya enameli ya mafuta ina tabia nyingine. Huanza kukauka juu, kisha hunywa oksijeni polepole mpaka ndani. Ni ya bei nafuu na inang'aa bila kompaundi. Hatari yake hujitokeza mtu anapopiga juu yake rangi ya nitroselulosi: thina kali ya rangi mpya hupenya, enameli ya chini inafura, na bodi nzima inajikunja makunyanzi. Kazi hiyo haina tiba zaidi ya kukwangua hadi bati. Waswahili walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye gari, ubaya wa ndani haukubali kukaa ndani. Kutu iliyofichwa chini ya puti, nta ambayo haikufutwa, praima isiyopatana na rangi iliyo juu yake, vyote hupanda na kujionyesha.

Kisha kuna rangi ya hadina. Msingi wake ni poliurethani, kemia aliyoianzisha Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Hapa rangi na hadina vikikutana huungana kuwa kitu kipya, na baada ya saa chache kilichobaki koponi hakina kazi tena. Petroli haiitishi, jua la kwetu inalivumilia, na mng'ao wake unatoka wenyewe. Ungesema basi jibu limepatikana. Ila hadina hiyo ina isosianeti, na ukungu wake ukivutwa unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Harufu haitoshi kumwonya. Kitambaa usoni hakizuii kitu. Kinachomkinga mpulizaji ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi, na suti na glavu juu yake. Uani kwa mtu, penye watoto na dirisha la jirani, vitu hivyo havipo. Fundi mwenye utu huliweka pafu la mwanadamu kwenye hesabu ya kuchagua rangi, sawa na bei.

Hali ya hewa nayo ina kura yake. Thina inapopaa hupoza bati. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo Tanga, Mombasa au Dar es Salaam siku za mvua, maji hutua kwenye rangi mbichi na kuiacha na weupe wa maziwa. Anayelijua hili huchagua thina ya kukauka polepole, husubiri jua lipande na umande uishe, na siku ikiwa mbaya hufunika gari akaenda zake. Joto kali nalo lina adhabu yake: rangi hukauka ikiwa bado hewani, ikatua kavu na kuwa na vinundu vya ganda la chungwa.

Baada ya hayo yote ndipo inapofika zamu ya rangi kwa jicho. Kwenye Toyota namba yake imepigwa kwenye kibati, kando ya herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Namba hiyo inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, nalo tangu hapo limepigwa jua miaka mingi. Kwa hiyo fundi hufungua kifuniko cha mdomo wa tangi, akakipeleka dukani chenyewe. Muuzaji humimina kwenye mizani, tone juu ya tone, akapaka kidogo kwenye kadi, akaikausha, na wote wawili wakatoka nayo nje. Wanaitazama juani, wanaitazama kivulini, wanaiinamisha. Ya fedha ndiyo inayowapa kazi, maana ndani yake mna vipande vidogo vya alumini, na vinavyolala ndivyo mwanga unavyorudi. Rangi ya kopo moja, ikipigwa kwa mkono wa mbali na mkono wa karibu, hutoa milango miwili isiyofanana.

Kwa hiyo kwa anayefanya kazi nyumbani bila kibanda cha kupulizia, nashauri nyeupe au rangi nyingine isiyo na vipande vya alumini, ya kukauka kwa hewa, isiyohitaji hadina, juu ya praima inayopatana nayo. Itadai kompaundi na itadai kutunzwa, lakini kosa lake linarekebishika. Bado ni ya kupigwa mahali pa wazi, na barakoa ya chujio la mkaa, mbali na moto, kwa maana thina inawaka. Anayetaka rangi ya hadina amalize msasa na praima mwenyewe, kisha alipeleke gari kwa wenye vifaa.

Na huko atakutana na fundi anayesema, rangi hii haikai juu ya hii, au leo hewa haifai, njoo kesho. Maneno hayo yanamnyima ujira wa siku, na anayasema. Ukimpata wa namna hiyo, mlipe bei yake bila kuomba punguzo.