Kitalu Ndani ya Kompyuta

Udongo wa volkano wa Busasamana, wilayani Rubavu nchini Rwanda, huzaa viazi, na mkulima wa viazi anajua jambo ambalo wengi wetu tunaotumia kompyuta hulisahau: mbegu ngeni haipandwi shamba zima kabla ya kujaribiwa. Anajua pia kwamba kona ya shamba lilelile si kinga, kwa kuwa mnyauko wa bakteria husafiri kwa maji, kwa udongo na kwa jembe lisilosafishwa. Hapo ndipo ninapoona ubora wa mashine pepe juu ya desturi ya kuweka mifumo miwili, tuseme Windows na Linux, kwenye diski moja. Mifumo hiyo ni matuta mawili ya shamba moja. Diski isipofungwa kwa usimbaji, Linux husoma mafaili ya Windows bila kubisha hodi. Na anayekosea kuigawa diski huweza kupoteza mifumo yote miwili. Mashine pepe ni kitalu chenye ua: kompyuta kamili ya kuigiza, ambayo diski yake ni faili tu ndani ya kompyuta halisi. Unahifadhi hali yake, unasakinisha programu usiyoiamini, unaitazama inavyofanya kazi. Ikiharibu, unairudisha mashine ilivyokuwa. Ufundi huu ni wa siku nyingi. IBM iliitangaza VM/370 mwaka 1972, VMware ikaufikisha kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999, na VirtualBox, iliyotoka 2007, hupatikana bure.

Wapo watakaosema kompyuta zetu ni dhaifu. Ni kweli, Windows ndani ya Windows kwenye memori ya GB 4 hutambaa. Lakini Linux ya Debian isiyo na madirisha huridhika na chini ya GB 1, na majaribio mengi hayahitaji zaidi. Anayepima kadi ya picha ana haki ya kuchagua mifumo miwili. Pingamizi zito ni jingine: ua hutobolewa. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iitwayo VENOM, iliyojificha katika sehemu ya kuigiza flopi, kifaa kilichokwisha kuachwa na karibu kila mtu. Kupitia hapo mshambulizi angeweza kutoka kwenye mashine pepe na kuingia kompyuta mwenyeji. Kwangu hiyo ni sababu ya kuusasisha ua, kuzima folda za pamoja na kukata mtandao wakati wa jaribio. Sioni kuwa ni sababu ya kupanda mbegu ngeni shambani.

Walimu wa Rubavu, na wa Nyabihu jirani ilikofunguliwa Rwanda Coding Academy mwaka 2019, wafundisheni wanafunzi kuandaa kitalu hiki kabla ya kuwafundisha kusakinisha chochote.