Mireille Ziwa Nyasa

Nimemaliza vipindi vyote 52 vya French in Action, kozi ya video ya mwaka 1987 ya Pierre Capretz wa Yale, nikiwa Mbamba Bay. Haitafsiri kitu, Mireille na Robert wanaongea, wewe ukisie. Bateau nililidaka palepale: pwani hii nani asiyejua mashua? Mambo ya mikahawa ya Paris, nilirudisha nyuma mara tatu. Kozi inadhani sote tumeshaiona Paris.

Bibi yangu kule Mbinga alinifundisha Kimatengo vivyo hivyo, kwenye mikahawa ya shambani. Ila nikikosea alicheka, akarudia. Capretz hanisikii.

Juzi mhariri wa Bukavu alinipigia, akaanza Kifaransa. Nilimwelewa vizuri tu. Kujibu sasa! Tukamalizana kwa Kiswahili.