Madini ya Simu na Kipimo cha Haki

James H. Smith ni mwalimu wa antropolojia katika universite ya California. Mwaka 2022 alitoa kitabu kwa Kiingereza, The Eyes of the World, ni kusema Macho ya Dunia. Wenye elimu wengi wanaochunguza mambo ya simu na ordinateri huanzia ofisini ao shuleni: namna gani mashini hizo zinageuza kazi, masomo na jamaa. Yeye ameanzia chini, katika mashimo ya Kongo ya mashariki, kule koltani na kasiterite zinakochimbuliwa kwa nyundo na chepe.

Njia hiyo ni ya kusifiwa. Pasipo tantale inayotoka katika koltani, vile vidude vinavyotunza umeme ndani ya simu visingekuwa vidogo hivi. Basi, anayetaka kufahamu matengenezo mapya ya dunia, lazima amsikilize mchimbaji pia. Na Smith anamsikiliza kweli. Hamhesabu kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Anaonyesha kwamba wachimbaji na wachuuzi wana mawazo yao wenyewe: wanapenda mwendo, ni kusema mali na watu wapite bila kufungiwa njia, tena wanapenda mapatano kati ya wengi. Vita iliwanyang'anya mengi. Kwa mapatano hayo wanajaribu kujenga maisha tena.

Shauri kubwa la kitabu ni zile alama za magunia. Mwezi wa saba 2010 Amerika ilitoa sheria iitwayo Dodd-Frank. Sehemu yake ya 1502 iliamuru makompani kutangaza kama madini yao yametoka Kongo ao katika inchi jirani. Mwezi wa tisa mwaka uleule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Kisha magunia yakaanza kutiwa alama, kuhakikisha kwamba hayana damu. Smith anaeleza namna mpango huo ulivyowabana wadogo. Gunia lisilo na alama lahesabiwa kuwa la mwizi, hata kama mwenyewe amelitolea jasho.

Neno hilo linatugusa sisi watu wa Eklezia. Mwaka 2012 Monsinyori Nicolas Djomo, aliyekuwa mkubwa wa baraza la maaskofu wa Kongo, aliitetea sheria ile mbele ya wabunge wa Amerika, akitaka wenye bunduki wasipate tena faida ya madini. Je, askofu alikosa, na mwalimu amesema sawa? Mambo si mepesi hivyo. Askofu aliwatetea wanaouawa. Mwalimu anawatetea wanaokosa chakula. Mara nyingi ni watu walewale.

Lawama yetu ni mbili. Kwanza, lugha ya kitabu ni nzito, lugha ya wenye elimu kwa wenye elimu. Pili, kinasifu mapatano, lakini hakipimi vya kutosha nani mwenye nguvu ndani yake. Mwenye bunduki naye hupatana na watu. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, katika Masisi, mahali penye koltani nyingi. Mwendo wa madini haukukoma. Mwenye kupokea kodi ndiye aliyebadilika.

Hapa mafundisho ya Eklezia yanatusaidia. Katika Rerum Novarum, mwaka 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mapatano kati ya bwana na mfanyakazi hayatoshi, ikiwa mshahara haumlishi mfanyakazi. Aliyekubali kwa sababu ya njaa hakukubali kwa uhuru. Kipimo hicho kinafaa kwa kompani yenye alama zake, na kinafaa vilevile kwa mapatano ya shimoni ambayo Smith anayapenda.

Hata hivi, mafratri wanaojua Kiingereza wakisome na kuwaeleza wenzao. Wengi wao kesho watatumwa katika parokia zenye mashimo. Huko watakutana na mtu anayeuliza kama koltani yake ni dhambi. Wasimjibu kabla ya kumwuliza nani anamlipa, na nani anamlazimisha.