Nani Apewe Kamera?

Wiki iliyopita hapa Dzaleka tulikaa kuchagua dairekta wa filamu yetu, hadithi ya msichana wa kambini anayepaa. Kamera ni ya kuazima, tutakuwa nayo siku tano tu. Wengi wanamtaka kijana mmoja kwa sababu ana kompyuta na anajua kumtoa mtu moto mikononi. Mwingine ni dada anayefundisha watoto maigizo, hana hata simu nzuri. Hatukuelewana, tunakutana tena Jumamosi. Mimi naanza kusema hapa.

Black Panther ya 2018 wote tumeiona. Kabla Marvel hawajampa Ryan Coogler mamilioni yao, alitengeneza Fruitvale Station (2013), habari ya kijana aliyepigwa risasi na polisi kwenye kituo cha treni huko Oakland. Mle hakuna anayeruka. Nadhani ndiyo sababu Killmonger anatuuma vile. Kumbukeni anapomkuta marehemu baba yake kwenye ile nyumba ndogo: watu wawili wanaongea, machozi yanatoka. Efekti iko dirishani tu, anga la zambarau. Halafu linganisheni na pambano la mwisho kule chini kwenye reli. Miili inarushwa kama midoli, mimi nikaanza kuangalia saa. Filamu ilipata Oscar tatu: mavazi, mandhari na muziki. Upande wa efekti haikuteuliwa hata kugombea.

Ya pili ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, mwaka huohuo. Niliiangalia kwa laptop ya rafiki wakati bado naishi Area 47, Lilongwe. Jo ni mtoto mwenye ugonjwa usiopona, anataka kuwa shujaa. Dada yake anamfanya aamini ana nguvu, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Yaani nguvu zenyewe ni jirani anayekubali kujifanya! Mwingine angejaza miale ya kompyuta. Wainaina anakaa na mama, ambaye mchezo ule hautaki, anataka mwanawe apumzike nyumbani. Mimi nililia. Rafiki yangu akajifanya anatafuta chaja.

Mtaniuliza, na Nabwana je? Swali zuri. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikuwa mfyatua matofali, akajifunza kompyuta mwenyewe, akatoa Who Killed Captain Alex? (2010) kwa pesa inayosemwa kuwa kama dola 200. Helikopta yake inachekesha, na tunaipenda hivyohivyo. Lakini aliwajua majirani zake na vichekesho vyao, ndiyo maana picha inakwenda. Kwa hiyo simkatai kijana wetu eti kwa sababu ana kompyuta.

Ila Jumamosi tusiwaulize wagombea watampaishaje. Tuwaulize: huyu msichana akiweza kuruka, anakwenda wapi kwanza? Na mama yake aliyebaki kwenye foleni ya maji, anamwangalia vipi? Sisi tunaomba karatasi ya ruhusa hata kufika Lilongwe. Kwetu mtu kupaa ni jambo zito, siyo maujanja tu.

Nikimsikiliza yule dada anavyoongea na watoto, naona maswali hayo ameshajiuliza. Kura yangu ni kwake, na kijana ashike kompyuta. Kama Jumamosi atajibu vizuri kuliko dada, nitabadilisha.